Kumpa Mkwe Kisogo

Siku hizi wageni hawasafiri. Sauti zao ndizo zinazokuja. Kila mtu hupimwa masikio zahanati akatengenezewa visikio vyake, na mgeni huwekewa kiti kitupu, sauti yake isikike kutoka pale.

Siku ya bintiye kupewa jina, muuza nyama mmoja wa Tunduma, Ambakisye, alichomeka visikio mbiombio, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama mkwe wake aliyekuwa Kyela.

"Hamjambo hapo?" Sauti ya bibi ikatokea mgongoni kwake.

Ampe mkwe kisogo! Akageuka haraka, akauinamia ukuta. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sauti yako inakwenda ukutani? Anayenipa kisogo simchagulii mtoto jina."

"Mama, naapa uko mbele yangu!"

Mkewe, Atupele, akaangua kicheko. "We baba, umevaa vyangu! Ndiyo maana hivi vinanibana. Ukivaa vya mwenzio, mbele unaisikia nyuma."

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Mvueni huyo, asije akanikalia!"

Wakabadilishana, na sauti ikarudi kitini. "Mtoto ni Tusekile," bibi akasema, "yaani 'tumefurahi' kwa lugha yetu, maana leo tumefurahi."

Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele.

"Mtoto ananitazama, mkwe wangu?" bibi akauliza.

Masikio ya mtoto mchanga hayapimwi, kwa hiyo hakuwa na visikio wala hakumsikia bibi. Tusekile alikuwa akiwatazama wazazi wake tu, kana kwamba hakuna mwingine chumbani.

"Anakutazama, mama," Ambakisye akasema, na taratibu akamgeuza mtoto uso, uelekee kiti kitupu.