Mama Hajasema Amina

"Fumbeni macho," mama aliagiza. "Na atakayefumbua kabla sijasema Amina, atanitambua!"

Wakafumba, shingo upande. Upande mmoja wa meza alikaa binti yake, fundi cherehani. Upande wa pili alikaa mke wa mwanawe, msusi. Mama, aliyekaa kichwani mwa meza, aliikamata mikono yao, mmoja kulia, mwingine kushoto, akaifunika kwa shali lake. Ndivyo alivyowafunika wanawe tangu wadogo, wasichezecheze vidole wakati wa sala.

Nje, mwanawe alipiga honi. Begi la hospitali lilikuwa limeshafungwa. Daktari wa moyo alikuwa anasubiri, na upasuaji haukuwa tena wa kuahirisha. Lakini mama alikuwa amegoma. Katika nyumba ile maombi hayafungwi mpaka yeye aitikie Amina, na leo aliapa kwamba hapandi gari mpaka mawifi hawa wapatane mbele za Mungu. Tena kwa kweli, si kwa midomo.

Kisa chenyewe ni aibu hata kukisimulia. Fundi alimshonea msusi gauni la kwaya. Siku askofu alipokuja, msusi akainua mikono kusifu, gauni likafumuka kutoka kwapani mpaka kiunoni. Msusi akajifanya amesamehe, akamwita fundi saluni amtie dawa ya nywele bure. Fundi akatoka na kipara kisogoni. Kila mmoja akasema ni bahati mbaya. Walokole wazima, hao! Na Jumapili wanapokea meza ya Bwana bega kwa bega, wamenuniana.

"Anza wewe," mama akamwambia bintiye.

"Baba Mungu," fundi akaanza, sauti laini kama ya mtangazaji wa redio, "tunakushukuru kwa wifi yangu. Umjalie unyenyekevu, maana unajua alivyo. Umponye ulimi. Na mikono yake uiongoze, Bwana, isiendelee kuunguza watu vichwa."

Mama hakuitikia.

Msusi akadakia. "Ee Bwana, nami namleta wifi kwako. Wapo wanaoimba mstari wa mbele huku wanashona kwa uzi mbovu makusudi. Umpe moyo mpya, Bwana. Huo alio nao umeoza!"

"Bwana, wakemee waongo!"

"Bwana, waumbue wenye kijicho!"

"Waliokuja kuiba kaka za watu, Bwana!"

"Walioshindwa kupata waume zao, Bwana!"

Jamani, sala gani hiyo? Mate yaliruka, meza ikatikisika. Katikati ya kelele mama aliivuta mikono yao karibu, akaitikisa chini ya shali kama anayewaonya. Wapi! Ndiyo kwanza walipandisha sauti. Fundi aliubana ule mkono ili mama ajue nani anayeonewa, na mkono nao ukambana. Akavimba kichwa: mama yuko upande wangu. Msusi naye alikuwa anajisemea hivyohivyo.

Honi ikalia tena, safari hii ndefu, yenye hasira. Kisha ikakatika ghafla. Amina haikuja.

Hapo fundi akaingiwa na hofu. Alimjua mama yake. Akisema haendi, haendi, hata moyo usimame palepale. Saa za daktari zilikuwa zinapita, na wao wawili walikuwa wamekaa wanachambana kwa jina la Mungu. Kiburi chote kikamwisha.

"Bwana," akasema, na sasa sauti haikuwa ya redio, "lile gauni nililegeza uzi makusudi. Nilimwonea wivu. Tangu aje, kaka haniulizi tena jambo lolote, kila kitu mke wangu, mke wangu. Nimekuwa na roho mbaya, na naiona haya. Usimwache mama afe kwa sababu yangu."

Akauinamia ule mkono, akaubusu, akaulowesha kwa machozi.

Msusi akashtuka. Alikuwa ameshaandaa kombora jingine, akaliacha.

"Na mimi," akasema kwa shida, "ile dawa niliiacha kichwani makusudi. Nilimsikia akisema inamchoma, nikaenda kunywa chai. Wifi, nisamehe." Akavuta pumzi. "Bwana, sikudanganyi, bado simpendi. Lakini nimechoka kumchukia. Nifundishe, mimi peke yangu nimeshindwa."

Akaung'ang'ania ule mkono kama anayeogopa kuporwa. Wote wawili walikuwa wanalia, na hakuna aliyejali tena nani anasikia.

"Amina," mama akaitikia.

Sauti ilitokea mlangoni. Wakafumbua macho. Mama alikuwa amesimama pale kizingitini, viatu mkononi, na nyuma yake mwanawe ameshika begi. Juu ya meza, shali lilikuwa limeteleza pembeni. Palikuwa na mikono miwili tu, na wa msusi ulikuwa umelowa machozi ya wifi yake.