Kivuli cha Shingoni

"Usinunue kwa maneno yangu, kaka," muuza kompyuta alisema. "Jaribu kwa picha yako mwenyewe."

Mpiga picha alikuwa amekuja kuongeza memori tu, maana kompyuta yake ilijikongoja kila akisafisha picha. Muuzaji ndiye aliyeshikilia kwamba ugonjwa ni kioo, kioo kizee kinachofanya rangi nzito zote zionekane nyeusi.

Basi mpiga picha akachomeka flashi kwenye kompyuta ya dukani yenye kioo kipya, akafungua picha ya harusi ya mdogo wake wa kike, ile ya mwanzo kabla hajaisafisha. Bibi harusi alitabasamu, shela begani. Chini ya sikio palikuwa na kile kivuli ambacho shemeji, bwana harusi, alimwomba akifute. "Hakipendezi," shemeji alisema, naye akakifuta huku akipiga mluzi.

Kwenye kioo hiki hakikuwa kivuli. Zilikuwa alama nne za zambarau, zimepangana, ya mwisho fupi kuliko nyingine.

"Umeona tofauti, eh?" muuzaji akauliza kwa furaha.

 Mpiga picha aliinua mkono, akaweka vidole vyake vinne kwenye kioo, juu ya alama za shingoni mwa mdogo wake.

Vilienea sawasawa.