Chai ya Koplo Lubuva

Kesho yake baada ya mazishi ya Mashaka, askari mstaafu aliyejiua, Bi Zuhura alifungua chumba chake cha ushauri kama kawaida. Alikuwa amemhudumia Mashaka kwa miaka.

Wa kwanza kuingia alikuwa Koplo Lubuva, ambaye tangu arudi kutoka vitani mikono yake haiachi kutetemeka. Kila akija, Bi Zuhura humimina chai, ndipo wanazungumza.

Leo chai ilimwagika mezani. Mkono uliotetemeka ulikuwa wa Bi Zuhura.

Koplo akainuka, akaichukua chupa ya chai, akamimina mwenyewe, nusu kikombeni, nusu kwenye sahani.

“Kunywa, mama,” alisema. “Sisi tunakuja kwako. Wewe unakwenda kwa nani?”

Bi Zuhura alitaka kumjibu kwamba hajambo, yuko salama. Akakumbuka kwamba Mashaka naye, mara ya mwisho, alimwambia maneno hayohayo.

“Sina mtu,” alisema, na machozi yakamshinda.

Nje, wanaume waliosubiri zamu kwenye benchi walimsikia. Mmoja wao akanyanyuka, akauvuta mlango taratibu mpaka ukafungika, akasimama akiupa mgongo kama aliyewekwa lindoni.