Wavunaji Waliolipa

"Imbeni!" Léonce alifoka kutoka mwisho wa mstari wa mizabibu. "Mbona huko juu kimya? Nani anatafuna?"

Basi zima la watalii likaanza upya wimbo wa wavunaji, kila mmoja na sauti yake, migongo imeinama, mikasi mikononi. Ndivyo walivyofanya hapa Montrevel kijijini kwetu tangu enzi za babu yake Léonce: mvunaji anayeimba hapati nafasi ya kula zabibu za mwenye shamba. Tofauti ni kwamba wavunaji wa babu walilipwa, na hawa walikuwa wamelipa.

Ujanja huo Léonce aliubuni mwenyewe, na aliuonea fahari kuliko divai yake, ambayo kusema kweli haikuwa na cha kuonea fahari. Wavunaji wake wa kila mwaka walikuwa wamemkimbia. Walichoshwa na supu yake, nyepesi kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililowekwa chini ya maji yake, wakahamia mashamba ya ng'ambo ya mto wanakopewa nyama. Zabibu zilikuwa zimeiva kupita kiasi, na wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya kilima kwa siku kadhaa. Mwaka uliopita mvua ya mawe iliharibu kila kitu. Ikishuka tena kabla zabibu hazijaingia ndani, shamba la babu litauzwa.

Ndipo alipobandika kibao kwenye uwanja wa kijiji: Siku Moja ya Mvunaji wa Kale. Jirani yake Huguette, mjane mwenye nyumba ya wageni na basi dogo, akamletea watu hadi mlangoni. Wala hakumwomba chochote.

"Jirani, wewe una moyo," Léonce alimwambia asubuhi ile, huku akiwaza kwamba mjinga wa namna hii atakufa maskini.

"Si ujirani huo," alisema Huguette. "Ila wewe uwe yuleyule, Léonce. Usijibadilishe kwa ajili ya wageni."

Sasa mwalimu mmoja mstaafu, Maryvonne kutoka Lille, alinyoosha mgongo. Alimtazama Léonce usoni, akachuma zabibu moja taratibu, akaitia mdomoni. Wenzake waliacha kukata. Wengine waliinua simu.

"We mama we! Hiyo ni divai unaitafuna!" Léonce alivua kofia akaibamiza chini. "Kwani huko ulikolala hukupewa kahawa? Tema!"

Maryvonne alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mumewe alimpa mkono wa pongezi. Watu wa mjini, aliwaza Léonce akiipangusa kofia vumbi, hufurahia hata upuuzi.

Mchana aliwakalisha chini ya ukuta, akanoa kisu muda mrefu, halafu akaikata soseji kavu kwa uangalifu wa daktari wa macho. Wouters, Mbelgiji mwenye kitambi, alikiinua kipande chake chembamba juani akachungulia kupitia kwacho.

"Jamani, naliona kanisa!"

Kipande kikapokezwa mkono hadi mkono, kila mtu akataka kuliona kanisa.

"Asiyetaka arudishe," alisema Léonce.

"Sisi tunataka, mzee. Kuna cha pili?"

"Cha pili kina bei yake."

"Nilikuambia," mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, macho yaking'aa.

Siku ya mwisho ya mavuno, mwenye shamba hapa kwetu huwaandalia wavunaji karamu. Hata mwenye mkono wa birika hujikaza siku hiyo akachinja japo sungura. Wouters aliuliza kwa adabu zote kama karamu itakuwepo.

"Karamu ni ya wavunaji," Léonce alimjibu. "Ninyi ni wageni wangu. Nitawadhalilishaje kwa kuwalisha kama vibarua?"

Wouters akafumba macho kwa raha, akalirudia jibu hilo kimoyomoyo asije akalisahau.

Waliinama tena. Léonce alipita nyuma yao akiwakaripia, akiokota zabibu zilizodondoka, akilitupia jicho lile wingu lililokuwa likiteremka kilima. Waliimba kwa nguvu zaidi kila alipofika karibu. Kikapu cha mwisho kilipovuka kizingiti cha ghala, mawe ya kwanza yalianza kulia juu ya paa.

Zabibu zote zilikuwa ndani. Watalii walipoondoka, Léonce aliegemea pipa akalia, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona. Shamba la babu limepona, tena bila kumchinjia mtu hata sungura! Alijiona mwerevu kuliko wote waliowahi kuzaliwa Montrevel.

Kisha akahesabu mikasi. Mmoja haukuwepo.

Alijifunika ndoo kichwani akatoka mbio chini ya ile mvua ya mawe. Kwa bahati basi lilikuwa limejibanza kando ya ukuta wa kanisa likisubiri itulie. Madirisha yalikuwa yamefunikwa na mvuke. Léonce aliinua ngumi agonge mlango, na hapo akalisikia jina lake kwenye kipaza sauti.

"Huyo ndiye Léonce wetu, wapenzi wangu," Huguette alikuwa akisema. "Mlidhani nimemlipa aigize, sasa mmejionea kwa macho yenu. Nawaomba jambo moja tu: mkifika makwenu msimwandikie kumshukuru. Kule bondeni nilikuwa na mwingine, bahili kuliko huyu. Siku alipogundua kwamba watu wanampenda akaanza kuwachinjia bata, na sasa hakuna hata mmoja anayekwenda kumtazama."