Skrubu Ambazo Hazijaguswa

“Umeivisha bastola gauni la harusi,” alisema Roscoe Gaither, akaisukuma kwa ncha ya kalamu kama mtu anayesogeza mende.

Waliozunguka meza ya majaji walicheka. Ukumbi wa maonyesho ya silaha wa Abilene ulinuka mafuta ya bunduki na nyama ya moshi, na tangu asubuhi Gaither ndiye alikuwa burudani.

Bastola yenyewe ilikuwa ya muundo wa 1911, ule ambao wanaume wa Texas huutaja kwa sauti ya kanisani. Delfina Arriaga alikuwa ameinakshi maua ya waridi mwili mzima, akatia njumu ya fedha kwenye kila mwiba. Ilimchukua miezi saba. Alikuwa anaomba meza namba nane, katika safu ya mafundi wanaotambuliwa na chama kinachoandaa maonyesho. Majaji walikuwa wawili, na ilikuwa lazima wote wakubali. Alikwisha kataliwa mara mbili. Anayekataliwa mara ya tatu haombi tena maisha yake yote.

“Jana nimeletewa yenye rangi za upinde wa mvua, utadhani mafuta ya gari yaliyomwagika dimbwini,” Gaither aliendelea. “Juzi, yenye mafuvu. Kabla ya hapo, ya pinki, jamani, ya pinki, na jina la mbwa ubavuni! Chuma kilichopigana vita viwili vya dunia, leo kinapakwa poda. Binti, mwizi ukimwelekezea hii yako atakuuliza keki iko wapi.”

Kicheko tena. Yeye mwenyewe kiunoni alivaa bizimu ya fedha pana kama kisosi, yenye fahali aliyechongwa hadi kope.

“Punguza mdomo, Roscoe, tusome fomu,” alisema Bi Opal Tidwell, jaji wa pili, akishusha miwani. “Alianza kazi San Antonio, akiwa na miaka kumi na tisa. Chumba cha nyuma cha duka la silaha. Ulikuwa unafanya nini huko, mwanangu?”

“Nilichoambiwa, Bi Opal.”

“Nakshi huficha chuma kibovu,” alidakia Gaither. “Fungua vibao vya mpini, tuone.”

Delfina alichukua bisibisi, akalegeza skrubu nne, akavitoa vibao vya mti. Ndani chuma kiling'aa, hakina doa. Pembeni kulikuwa na kandege kadogo kuliko punje ya mchele.

“Na hii nini? Kuku?”

“Alama yangu. Naiweka kwenye kila kazi, mahali ambapo mnunuzi haangalii.”

“Unaona haya?”

“Zamani, ndiyo,” alisema Delfina. “Na bawa la kushoto lilikuwa linanishinda.”

Gaither aliguna. Akainama, akatoa chini ya meza kisanduku cha mbao ambacho kila aliyekuwa ukumbini alikifahamu, kwa kuwa alikuja nacho kila mwaka. Alikifungua polepole.

“Sasa tazameni bastola.”

Ilikuwa ya kijivu, imechubuka mdomoni, na ubavuni ilikuwa na kovu refu.

“Sajenti aliibeba visiwani, Pasifiki. Barua yake ninayo. Hapa palipopauka ni ala ya ngozi iliyokula rangi, siku hadi siku. Na kovu hili ni la mwamba, alipojitupa chini risasi zikimpita kichwani. Hakuna patasi duniani inayoweza kuandika hivi!”

Delfina aliinama. Aliliangalia lile kovu kwa muda mrefu, kisha akalipitishia kidole gumba, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho.

“Uliinunua wapi, Bwana Gaither?”

“San Antonio, miaka kumi na mbili iliyopita. Vipi, wivu?”

Delfina alirudisha mikono mapajani.

“Na ndani yake kukoje?” aliuliza Bi Opal.

“Ndani hapajaonwa na mtu. Skrubu hizi hazijaguswa tangu zitoke kiwandani. Mwenye akili hafungui; mkwaruzo mmoja kwenye kichwa cha skrubu, nusu ya heshima yake imekwenda.”

“Kwa hiyo mwenzio kavuliwa nguo mbele za watu, wewe unajisifia tumbo usilolijua.”

Safari hii kicheko kilimwelekea yeye. Shingo ikamwiva.

“Usiifungue,” Delfina alisema kwa sauti ndogo. “Nakuomba. Ninyime meza tu, niende zangu.”

“Mmemsikia?” Gaither alipiga meza kwa kiganja. “Anaogopa kulinganishwa! Mtu wa maua akikutana na chuma cha kiume, miguu inamlegea. Andika, Opal: ndani ya bastola hii pakionekana pambo, hata nukta, meza namba nane ni yake, na mimi nitamfagilia sakafu kila siku ya maonyesho.”

Bi Opal aliandika.

Gaither alishika bisibisi kwa mikono miwili, akajikaza kama mtu anayeng'oa kisiki. Skrubu ya kwanza ilizunguka bila ubishi wowote. Ya pili pia. Akakiinua kibao, akaigeuzia bastola kwenye taa ili watu wote waone, huku tabasamu likiwa tayari usoni.

Chini ya vumbi la miaka kumi na mbili kalikuwa kametulia kandege kadogo kuliko punje ya mchele, bawa lake la kushoto limekosewa.