Kura ya Sahani

Siku ya uchaguzi, watu wa kata ya Kisimani hawakupanga foleni vituoni. Sahani ya kila nyumba ilitambua chakula cha kwanza kilichopakuliwa siku hiyo, ikapeleka kura. Ugali wa kiwanda ulikuwa kura ya kiwanda. Mazao ya shamba la wanakijiji yalikuwa kura ya Mashavu, mgombea udiwani aliyepigania shamba hilo lisichukuliwe na kiwanda.

Mvua zilikuwa haba. Muhogo kidogo uliopatikana, Mashavu aliugawa wote kwa majirani, akarudi nyumbani adhuhuri mikono mitupu. Alimkuta mumewe, Shomari, akimlisha binti yao ugali wa kiwanda. Sahani ilikuwa imeshawaka taa ya buluu: kura ya nyumba yao imekwenda kwa kiwanda.

"Baba Zaina, hata wewe?"

"Mtoto amelia mpaka sauti imemkauka, mke wangu. Ulituachia nini?"

Jioni ilitangazwa kwamba Mashavu ameshindwa vibaya, na matrekta ya kiwanda yakasikika yakiteremka shambani. Zaina alikuwa amelala, ameshiba. Mashavu akaketi mkekani, akamega ugali uliobaki. Ulikuwa mtamu kuliko alivyotarajia. Akamwomba Shomari amwongezee.