Kasuku Asiyekosa Jibu

Sogeeni, hii ni fupi. Nyati wa nyikani na Kiboko wa mtoni waligombea kidimbwi cha mwisho, wakamwita Kobe aamue, kwa kuwa hakuwa wa huku wala wa kule. Kobe alishachoshwa na kelele za wenye pembe na wenye matumbo, akamweka Kasuku, aliyemeza hukumu za misitu yote, afikiri kwa niaba yake.

"Kesi kama hii iliamuliwa zamani kwa kina Ngiri," alisema Kasuku. "Maji ni ya anayelala ndani yake."

Kobe akapiga miayo. "Umesikia, mama Nyati. Nenda."

Nyati akawatazama ndama wake waliotoa ndimi kwa kiu. "Naenda, babu. Ila muulize kwanza: samaki alipoishtaki mvua, nani alishinda?"

"Samaki," Kasuku akajibu papo hapo. "Mvua iliamriwa inyeshe polepole."

Hata Kiboko aliicheka kesi hiyo isiyowahi kuwapo, kisha akakumbuka ushindi wake umetoka mdomo huohuo.

Kobe akafumba macho. Amekwisha kuamua kesi ngapi hivyo? Hakutaka kujua.

"Anzeni upya. Kila mmoja aseme yake."

"Babu, si umechoka?" Kiboko akambembeleza.

"Nimechoka mpaka gamba linaniuma. Lakini mliyemwita ni mimi."